Kimya cha Mzee wa Kichupa

Sifa yangu ya kuponya watu ilianza na kwikwi. Hata leo naona haya kuiandika sentensi hiyo. Wenzangu kanisani walikuwa na visa vya kina mama walioambiwa hawatazaa wakazaa, na vya watoto waliokatiwa tamaa na madaktari kisha wakainuka kitandani wakaomba uji. Mimi nilikuwa na Mchagga mmoja aliyekula biriani kwa pupa.

Nilikuwa Dubai, katikati ya miaka ya 2010, askari wa kampuni ya ulinzi. Tulilala Muhaisnah, kwenye yale majengo ambayo kila mtu anayaita Sonapur, na basi la kampuni lilitupeleka Marina kusimama kwenye milango ya minara ya wenye nazo. Kazi yangu ilikuwa kufungua mlango, kusema good morning madam, good morning sir, na muda uliobaki nisionekane. Nina hasira za karibu, na watu wanaopita bila kuitikia salamu walinichoma kuliko jua. Mtu anayeshinda hivyo kutwa nzima hutafuta mahali pengine ambapo ataonekana, na mimi nilipapata kanisani.

Mimi ni Mmormoni. Nilibatizwa Eldoret kabla ya kusafiri, na vijana wawili wa Kimarekani waliokuwa wakitembea na tai shingoni kwenye jua la saa saba. Baadaye nikapewa ukuhani. Kwetu ukuhani hauhitaji chuo. Fundi baiskeli anaupata, na askari wa mlangoni pia, na anayeupata huitwa mzee hata kama ndevu bado hazijaota. Tunaamini kwamba miujiza haikuisha na mitume wa zamani. Mzee wa kanisa akimpaka mgonjwa tone la mafuta utosini, akamwekea mikono, mgonjwa anaweza kupona leo hii, kwenye chumba hiki hiki, huku kiyoyozi kikinguruma.

Kwa hiyo wengi wetu hutembea na mafuta. Yangu yalikuwa kwenye kichupa cha chuma kisichozidi kidole gumba, kikining'inia pamoja na funguo za kabati langu. Mafuta yenyewe ni ya zeituni, yaliyonunuliwa dukani kama ya mtu yeyote anayetaka kukaangia samaki, kisha yakaombewa na kuwekwa wakfu kwa ajili ya wagonjwa. Kule tulikusanyika siku ya Ijumaa, kwenye jumba moja la kupanga, kwa sababu Jumapili ilikuwa siku ya kazi. Askofu wetu, mhandisi wa Kimarekani mwenye sauti ya upole, alituonya mara kwa mara kwamba humo ndani tuombe tupendavyo lakini nje tusimhubirie mtu. Nami sikumhubiria mtu. Watu walikuja wenyewe, na kosa lilikuwa la yule Mchagga.

Yeye alilala kitanda cha juu yangu, na kwikwi ikamshika ikakataa kumwachia. Alikunywa maji akiwa ameinama, akaramba sukari, akashtuliwa kwa nyuma mpaka akataka kupigana. Kila akishtuka usiku, dabodeka nzima, kitanda chake na changu, ilishtuka naye, na mimi nilikuwa na zamu ya asubuhi. Basi mtu mmoja chumbani akasema, wewe si una yale mafuta yako? Niliamka kwa hasira. Nilimkalisha chini, nikampaka, nikamshika kichwa kwa mikono miwili na kuiamuru ile kwikwi ikome. Ilikoma kabla sijasema amina. Mpaka leo sijui kama ni Mungu aliyefanya kazi au ni hofu ya yule Mchagga, maana nilimbana kichwa kwa nguvu kweli kweli.

Mchagga alikuwa Mkatoliki, msafishaji wa vioo, na mdomo wake haukuwa na breki. Kufikia mwisho wa wiki jengo zima lilijua. Alinipa na jina, Mzee wa Kichupa. Watu wakaanza kubisha hodi na migongo yao, meno yao, vichwa vyao vinavyogonga. Mmoja alitaka niombee nyumba ya arbab wake, yaani tajiri wake, ipate mpangaji ili alipwe mshahara. Niliwaambia nisemavyo siku zote, kwamba mimi si mganga, kwamba mwenye kuponya ni mwingine. Lakini nilisema hivyo nikiwa tayari nimeshika zile funguo. Wengine walipona, kama watu wanavyopona, na kila aliyepona alinisalimia kwa mikono miwili kwenye foleni ya basi. Nilikipenda kile cheo. Naona haya zaidi ninapokumbuka jinsi nilivyojifanya sikipendi.

Mtu mmoja tu hakunisalimia kwa mikono miwili, na ndiye aliyekuwa rafiki yangu. Alikuwa Mganda wa Masaka, amenizidi umri, mlinzi wa geti la magari kwenye mnara uleule niliofungulia watu mlango. Alikuwa mlokole wa kanisa la kelele, lile ambalo mchungaji akianza kukemea pepo, mabati ya jirani yanajibu. Siku ya kwanza aliponiona nikimwombea mtu wa jino, alingoja mpaka mtu yule akaondoka, kisha akaniuliza kwa huzuni, "Hiyo ndiyo maombi? Ssebo, hata kitanda cha pili hakijasikia." Ssebo kwao ni bwana. Nilimjibu kwamba Mungu wangu si kiziwi. Akacheka mpaka akakaa chini. Tangu hapo tukawa tunataniana hivyo, kelele zake na kimya changu.

Alikuwa mtu wa kujinyima bila kutangaza. Alipika mchuzi wa karanga na kuniwekea sehemu yangu kwenye kopo la maziwa ya unga. Na zaidi ya yote, alinipa Ijumaa zake. Siku ya mapumziko ya Ijumaa ilikuwa lulu kwetu sote, na yeye alikuwa na makanisa ya Waganda wenzake ya kwenda, lakini mara nyingi alibadilishana zamu na mimi ili nikashiriki mkate na maji, meza ya Bwana ya kwetu, kule kwenye jumba letu. Alisema mimi nina vazi na tai, hasara kuviacha vikae kabatini.

Alikuwa na ugonjwa wa sukari. Alikuja nao kutoka nyumbani, akawa anameza vidonge vyake kimyakimya, na kazini hakumwambia mtu. Kisha kampuni ikatugawia buti mpya. Zangu zilinisumbua siku chache zikalainika. Zake zilimchubua karibu na kidole kidogo cha mguu wa kushoto, na ule mchubuko haukufunga. Nilimwona akichechemea nikamtania kwamba uzee umefika kwa basi la mapema. Aliniambia ni kisigino tu. Nilianza kushangaa kwa nini mtu wa geti la magari ananukia udi kama bwana harusi, nikadhani amepata mchumba. Kumbe mpangaji mmoja alikuwa amemzawadia chupa ya manukato, na yeye akawa anayapuliza ndani ya buti kila asubuhi kabla ya kupanda basi.

Alinionyesha siku ya Ijumaa, mchana, chumbani kwetu, wengine wakiwa wametoka. Alivua buti, akavua soksi, na ndani ya soksi kulikuwa na mfuko wa plastiki aliokuwa amejifunga ili harufu isitoke. Akaufungua. Sitaueleza ule mguu. Niseme tu kwamba nyumbani tuna neno, donda ndugu, na kwamba nilikuwa nimelisikia maisha yangu yote bila kujua linamaanisha nini.

Alizungumza kwa utaratibu, kama mtu aliyejipanga. Akienda hospitali, kampuni itajua. Ikijua ana sukari na mguu mbovu, ataandikwa kuwa hafai kazi, visa itafutwa, arudi kwa mkewe na watoto mikono mitupu. Kwa hiyo hospitali haendi.

"Wewe una hiyo mafuta," akaniambia. "Nipake. Nitakaa kimya kama watu wa kanisa yako."

Hapo ndipo nilipopaswa kusimama. Kanisani kwetu hakuna anayefundishwa kumkwepa daktari. Tunapaka mafuta na tunakwenda hospitali, vyote viwili, na mara nyingi katika maombi yenyewe tunawaombea madaktari mikono mizuri. Nilimwambia hivyo. Nilimwambia mara moja, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo. Akaniuliza kama yule Mchagga wa kwikwi nilimpeleka kwa daktari. Ukweli ni kwamba sikulitafuta jibu.

Nilitaka muujiza wa maana. Nilikuwa nimechoka kuwa mtu wa kwikwi. Siku za ushuhuda, watu wanaposimama mmoja mmoja kanisani kueleza Bwana alivyowatendea, walisimama wahandisi na marubani na wake zao na visa vya kuliza, na mimi niliketi nyuma na migongo yangu na meno yangu. Nilipouona ule mguu niliogopa, lakini chini ya woga kulikuwa na kitu kingine kilichokuwa kinanyoosha shingo. Nilijiona nimesimama mbele nikieleza. Niliona hata tai nitakayovaa.

Basi nikamwambia kwamba jambo zito kama hili halifanywi hivi hivi. Nikamwambia angoje Ijumaa ijayo, nijiandae kwa kufunga. Aliniamini. Aliufunga mguu upya kwenye mfuko, akavuta soksi, akanishukuru. Wiki nzima nikawa najiandaa, na wiki nzima yeye akasimama juu ya mguu ule kwenye geti la magari akiinua na kushusha chuma cha kuzuia magari.

Lazima nieleze maombi yetu yalivyo, la sivyo kilichotokea hakitaeleweka. Sehemu ya kwanza ina maneno yanayojulikana. Unamwita mgonjwa kwa majina yake yote, unasema unampaka kwa mamlaka ya ukuhani. Kisha unaweka mikono kichwani, unathibitisha upako, na kuanzia hapo hakuna maneno yaliyoandikwa. Unasubiri. Unasema kile tu unachohisi umepewa kusema. Ukipewa kusema atapona, unasema. Ukipewa kumfariji tu, unamfariji. Ni hatari kuweka maneno yako hapo, kwa sababu mgonjwa ataondoka nayo akidhani ni ya Mungu. Hilo hatufundishwi kwa mafumbo. Linasemwa wazi kabisa.

Mimi nilifanya mazoezi. Nilijifungia kwenye choo cha walinzi kule kazini, nikajitazama kwenye kioo, nikasema: donda la mguu wako litafunga, nyama mpya itaota, utatembea na hutachoka. Nilijaribu kwa sauti ya juu na ya chini. Nikachagua ya chini, ndiyo iliyonifaa.

Ijumaa ikafika. Waislamu wa chumbani walikuwa msikitini, wengine walikuwa wanafua nguo ghorofa ya chini. Nilikuwa sijala tangu jana yake na kichwa kilikuwa chepesi. Mganda alikuja ameoga, amevaa shati jeupe alilokuwa nalo moja tu la kanisani. Akaketi kwenye kiti cha plastiki. Nilimwambia hahitaji kuvua buti, mafuta ni ya kichwani, lakini akavua. Alitaka mguu nao uwe hapo, uombewe ukiwapo.

Harufu ilijaa chumba. Udi haukuweza tena kitu. Nilifungua kichupa, nikadondosha tone utosini mwake, nikamwita majina yake yote matatu. Nilisema maneno ya upako bila kukosea. Nikaweka mikono. Nikathibitisha. Kisha nikafika pale pasipo na maneno, na mimi nilikuwa nayo yangu tayari mdomoni.

Sikuyasema. Na si kwamba nilisikia sauti, wala kwamba kitu kitakatifu kilinishika ulimi. Nilikuwa nazuia pumzi kwa ajili ya harufu, na katika kuzuia pumzi nikapata akili ya ghafla, akili ndogo ya kujiokoa. Nikafikiri: nikisema atapona, na mguu huu usipone, Sonapur nzima itajua mimi ni mwongo. Mchagga atageuza wimbo. Watu watakumbuka kila jino. Hivyo ndivyo nilivyowaza, mikono ikiwa kichwani kwa mtu aliyenipa Ijumaa zake. Sikuuwazia mguu wake. Niliwaza jina langu.

Nilinyamaza. Kiyoyozi kilinguruma. Yeye alikaa wima, macho yamefumbwa, akisubiri kwa adabu. Nilisubiri na mimi, nikijifanya nasikiliza. Mwishowe nikasema amina.

"Umemaliza?" akauliza.

"Nimemaliza."

"Hujasema nitapona."

"Sijasema."

Aligeuka akanitazama. Sikuweza kumtazama, nikajishughulisha kufunga kichupa. Alivaa soksi taratibu, mfuko na yote, akavaa buti, akanishukuru kama alivyonishukuru wiki iliyopita. Jioni hiyo hakupika. Mimi nilifungua mfungo wangu kwa mkate na chai, peke yangu kitandani, nikajiambia kwamba angalau sikudanganya.

Asubuhi yake hakupanda basi letu. Nilikuja kusikia baadaye kutoka kwa Mchagga kwamba alikuwa amekwenda ofisini kwa supavaiza, akavua buti, akainua mguu akauweka juu ya meza yake. Supavaiza, Mhindi mmoja mwenye moyo mzuri kuliko alivyopenda ijulikane, alitoka nje kwanza, akarudi, akaita gari la wagonjwa mwenyewe. Mganda akalazwa siku hiyo hiyo. Walimkata vidole viwili vya mguu. Mguu wenyewe ukabaki.

Na yeye kutoka kitandani kule akaanza kueleza. Alimweleza supavaiza, akamweleza Mchagga aliyekwenda kumtazama, akamweleza kila aliyemshika mkono. Alisema yule Mkenya ana ukuhani wa kweli. Wachungaji wote aliowahi kuwaona walimwahidi kitu. Huyu peke yake, Mungu alimfunga mdomo. "Nilipoona mtumishi amenyimwa neno," akasema, "nilijua naambiwa niende kwa daktari." Mchagga alizirudisha habari hizi Sonapur akiwa amezipika vizuri. Safari hii sikupewa salamu za mikono miwili; watu walinipisha njia.

Katika kanisa letu kulikuwa na dada mmoja Mfilipino, muuguzi wa hospitali ile ile. Mganda alimweleza na yeye. Kwa hiyo habari ilifika kanisani kabla yangu, na Ijumaa ya ushuhuda ilipokuja, yule dada alinikamata mkono mlangoni macho yakiwa yameloa. Aliniambia daktari alisema siku chache zaidi mguu wote ungekwenda. Kisha akaongeza, bila nia mbaya yoyote, kwamba angekuja wiki moja mapema hata vidole vingeokoka. Alisema hivyo akinipigapiga begani, akisifu jinsi Bwana anavyojua wakati. Mimi nilikuwa najua ile wiki ilikwenda wapi. Ilikwenda kwenye kioo cha choo cha walinzi.

Askofu alitamka mbele ya watu wote kwamba huenda kuna ndugu ana jambo la kutuambia. Hakunitaja. Hakuhitaji. Ningeweza kubaki nimekaa, wengi hukaa. Nilisimama. Nilikuwa nimevaa ile tai.

Nilisema mdomo wangu ulifungwa. Sikusema aliyeufunga ni nani. Nilisema kwamba wakati mwingine jibu ni kimya, na nikanyamaza kidogo hapo ili kimya kisikike. Watu walifuta machozi. Mke wa rubani mmoja, mwanamke ambaye miaka yote hiyo hakuwahi kulijua jina langu, alinikumbatia. Kila neno nililosema lilikuwa kweli, na yote kwa pamoja yalikuwa uongo, na nilishuka kutoka pale mbele masikio yakiwaka kana kwamba nimechapwa makofi.

Sitaki kudai kwamba dhamiri ilinipeleka hospitali. Nilikwenda kwa sababu yule dada muuguzi alinipa lifti, na ingekuwa aibu kukataa. Njiani aliniuliza mambo ya imani, nikawa namjibu ndiyo na hapana. Alinifikisha wodini akaniacha mlangoni, akaenda kubadili nguo za kazi.

Mganda alikuwa amekonda. Mguu ulikuwa umeinuliwa juu ya mto, umefungwa bendeji nyeupe. Alifurahi kuniona, akanitania kwa ajili ya tai, akaniambia habari za kampuni kwa ufupi: khalas, imekwisha, visa inafutwa, ila watamlipia tiketi, na supavaiza amempigania apewe haki zake zote. Angeondoka kidonda kikikauka. Alisema hivyo bila kulalamika. Kisha akauliza kama nimekula, nikamwambia nimefunga, kama tufanyavyo siku ya ushuhuda, akatikisa kichwa.

Nilimwambia. Sikujua kama nitamwambia mpaka nilipojisikia nimeanza. Nilimwambia hakuna aliyenifunga mdomo. Nilikuwa na maneno yangu ya kumwahidi, nilishayafanyia mazoezi, nikaogopa nitaaibika asipopona. Nikamwambia na ile wiki, kwa nini nilimngojesha. Hiyo ilinitoka kwa shida kuliko yote.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Najua."

Nikamuuliza anajua nini.

"Mikono yako ilikuwa inatetemeka kwa kichwa yangu, ssebo. Wachungaji wamenishika kichwa tangu nikiwa kijana, hakuna aliyetetemeka. Nikasema, kama huyu mwenye mafuta anaogopa hivi, basi mimi nakufa." Akanyoosha shuka. "Ndiyo nikaenda."

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake, na kwa msamaha pia nilikuwa nimejiandaa kidogo, sitaficha. Hili sikuwa na mahali pa kuliweka. Nikamuuliza, basi kwa nini aliwaambia watu wote kwamba ni Mungu? Kwa nini alimwambia supavaiza, na Mchagga, na dada wa watu?

Alinitazama kama mtu anayeulizwa swali la kitoto.

"Ningewaambia nini? Kwamba uliogopa? Wangekucheka." Akatafuta maneno. "Mimi naenda. Wewe unabaki nao."

Niliona haya kama ambavyo sijawahi kuona tena. Mtu huyu alikuwa amelala hapa, vidole vyake havipo, kazi yake haipo, bado hajui atamwambia nini mkewe, na katika yote hayo alikuwa amekaa akalichunga jina langu. Lile lile nililolichunga mimi nikiwa nimemshika kichwa. Yeye alilichunga vizuri zaidi.

Nilitaka kusema kitu. Nilifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu nipewe ukuhani sikuwa na neno hata moja, langu au la mwingine yeyote. Naye hakuningoja.

"Basi nisaidie," akasema. "Nataka kwenda msalani, na hawa wauguzi wanachelewa. Nivalishe ndala."

Nilipiga magoti na suruali yangu ya kanisani. Ndala moja ilikuwa chini ya kitanda, nikaitafuta kwa mkono. Ile ya mguu mzima nilimvalisha bila shida. Ya mguu wa kushoto hospitali ilimpa kubwa, ya kukaa juu ya bendeji, na ilibidi niushike mguu kwa mkono mmoja, kutoka chini, uzito wote, ndipo niiingize taratibu. Aliguna kidogo nikasita. Akaniambia niendelee tu, haumuumi sana. Ulinuka dawa. Nilimaliza, nikamshika chini ya kwapa, akaniegemea, tukaenda.